Baiskeli Mbili Kisiwani Mbiye

Mtu pekee niliyemwambia kwamba nataka kumwoa binti wa kisiwani alikuwa rafiki yangu. Nilikuwa nimejaa mpaka kooni, na mtu akijaa hivyo humwagikia wa kwanza anayemsikiliza. Baba sikumwambia. Baba alikuwa fundi cherehani katika mtaa wetu wa Waislamu, mtu wa kusali na kugomba, na angeniuliza binti wa wavuvi, tena Mkristo, nimemtoa wapi. Binti mwenyewe sikumwambia pia. Nilikuwa nangoja siku nzuri. Siku nzuri! Leo ningekutana na yule kijana niliyekuwa, ningemzaba kofi.

Sokoni ndiko nilikomwona. Kila Jumamosi alivuka mto na mama yake kuja kuuza samaki waliokaushwa kwa moshi, nami nilinunua hata wiki ambazo nyumbani walikuwa wamechoka na samaki. Kila mara aliniongezea kadogo juu ya fungu, matabishi, bila mimi kuomba. Siku moja mama yake alinikaribisha kipande cha nyama kilichofungwa majanini, na binti akamshika mkono haraka: "Mama, huyu hapana kula nguruwe. Iko Mwislamu." Nilirudi nyumbani naelea. Mtu anayekumbuka usichokula, nilijiambia, anakupenda. Alikuwa pia haachi kuniuliza, "Na rafiki yako, leo hakuya?" Nikaona ni namna yake ya kurefusha mazungumzo.

Huyo rafiki alikuwa karani wa ghala bandarini. Hiyo ni Kisangani ya miaka ya hamsini, ambayo Wazungu waliiita Stanleyville, na kijana mwenye baiskeli mpya alitazamwa kuliko kijana mwenye akili. Yake ilikuwa nyeusi, ina taa ya dinamo na kengele ya sauti mbili, na kila jioni aliipangusa kwa kitambaa chenye mafuta kabla hajanawa uso wake mwenyewe. Yangu niliirithi kwa baba. Breki yake ilikuwa soli ya kiatu changu. Rafiki yangu alikuwa akiicheka mbele za watu, nami nikicheka naye, maana ndivyo urafiki wetu ulivyokuwa: yeye anasema, mimi nacheka.

"Dimanche tuende Mbiye," aliniambia. "Tuzunguke kisiwa chote na makinga yetu, baiskeli zote mbili. Kila siku unaona binti yako sokoni tu. Utaona kwabo."

Binti yako, alisema. Usiku huo sikulala vizuri kwa furaha.

Jumapili tulishuka mtoni asubuhi. Mvuvi mmoja alikubali kutuvusha kwa mtumbwi. Rafiki yangu alilaza baiskeli yangu chini, ndani ya maji yaliyokuwa yamejikusanya tumboni mwa mtumbwi, kisha akailaza yake juu ya yangu ili isilowe. Nyuma ya kiti cha baiskeli yake alikuwa amefunga mzigo mkubwa ndani ya gunia. Nilipouliza akasema ni vitu vya njiani. Maporomoko yalikuwa yananguruma upande wa chini, na mvuvi alipiga kasia amesimama, hatazami popote ila mbele. Mimi nilikuwa natazama kisiwa kama mtu anayetazama nyumba yake mwenyewe.

Ukikiona kisiwa kile kutoka mjini unadhani ni msitu tu. Ukiingia ndani ndipo unaona kwamba watu wamekigawana vizuri: hapa mihogo, pale migomba, kisha msitu mweusi wenye miti ambayo watu wanne hawawezi kuikumbatia, kisha mihogo tena. Njia ni nyembamba, ya mguu mmoja. Mizizi ilitupiga chini ya magurudumu mpaka meno yakagongana. Kwenye mchanga tulishuka na kusukuma, kwenye vijito tulibeba baiskeli mabegani. Mnyororo wangu ulitoka kila mara, na kila ulipotoka rafiki yangu aliningoja mbele kwenye kivuli akipiga kengele, kana kwamba anaita mbuzi.

Nakiri nilifurahi. Kulikuwa na vipepeo kwenye matope, na harufu ya mihogo iliyolowekwa, ambayo wengi wanasema inanuka lakini mimi naipenda. Kila kijiji tulichopita nilijiuliza kama ndicho chake. Nilikuwa nimevaa shati nililoshona mwenyewe, kola imekaa sawasawa.

Karibu na kijiji kimoja bata alikuwa anavuka njia na watoto wake. Rafiki yangu hakupunguza mwendo. Nilisikia sauti ndogo chini ya gurudumu lake, kisha mama mmoja akatoka jikoni akipiga kelele. Nilimwita rafiki yangu asimame.

"Iko muzima," alijibu bila kugeuka. Hakuwa mzima. Nilimwokota mimi, nikampa yule mama, na matusi yake yote nikayapokea mimi, maana aliyestahili alikuwa ameshapotea kwenye kona.

Nilipomfikia alikuwa amefika mwisho wa safari yetu, kijiji kilichoko kwenye ncha ya kisiwa, na alikuwa ameketi kwenye kiti. Hiyo ilinishangaza. Mgeni wa kupita huwa anasimama, anapewa maji, anakwenda zake. Yeye alikuwa amewekewa kiti, wazee wamekaa kumzunguka, na gunia lake limefunguliwa chini: kitambaa cha maua, blanketi, chumvi, taa mpya ya mafuta. Mama wa sokoni alikuwa mlangoni amevaa nguo ya kanisani. Kando ya rafiki yangu palikuwa na kiti cha pili, kitupu. Wakanionyesha.

Niliketi. Miguu ilikuwa imeelewa kabla ya kichwa.

"Alors," akasema baba wa binti, mvuvi mwenye kifua kipana na sauti ya polepole, "weye ndiye umemuleta muchumba?"

"Tulikuwa tunazunguka kisiwa, papa," nilisema. Wazee wakacheka, wakadhani ni adabu.

Aliniuliza kama namjua vizuri. Nikasema namjua. Akaniuliza ubaya wake ni gani. Kila jicho lilinigeukia, pamoja na la rafiki yangu, ambalo lilikuwa tulivu kabisa. Nilitafuta kitu cha kumzika nacho. Sikukipata. Hakuwa mlevi, hakuwa mwizi, mshahara wake alimpelekea mama yake. Nikasema anakimbiza baiskeli mno na ameua bata wa watu. Kicheko kilikuwa kikubwa zaidi. Mzee mmoja alijipiga paja.

Kisha baba yule, akiona kwamba mimi ni mtu wa mjini na sijui desturi ya kijiji chao, akanieleza bila haraka.

"Kwetu hapa, mutu anayeleta muchumba, binti anamuletea kikombe cha masanga. Ukikunywa, unakuwa yaya yake, sawa mulitoka tumbo moja. Bwana akimupiga, atakimbilia kwako. Bwana akikufa, utamulilia sawa ndugu. Lakini kumuoa, hapana, hata siku moja. Ukikataa kikombe, maneno inakufa hapahapa, na rafiki yako anarudisha vitu yake."

Nikamtazama rafiki yangu. Alikuwa anafuta vumbi kwenye kiatu chake.

Ndipo nilipoelewa vyote: kwa nini mimi na si kaka yake, kwa nini baiskeli, kwa nini alisema "binti yako". Nilitamani kumrukia shingoni mbele ya wakwe zake. Lakini palepale nikakumbuka jambo, na moyo ukarudi mahali pake. Masanga ni pombe ya mchikichi, na mimi ni Mwislamu. Baba yangu alikuwa ametugombeza juu ya pombe tangu tulipoanza kutambaa, na siku ile nilimpenda kwa ugomvi wake wote. Ningekataa kikombe bila kumtukana mtu. Posa ingekufa, na rafiki yangu angefunga upya gunia lake.

Binti alitoka. Nywele zilikuwa zimesukwa upya. Alipiga magoti mbele yangu na kikombe mikononi, macho chini, kama inavyotakiwa. Hakuonyesha kushangaa kuniona.

"Papa, unisamehe," nilisema kwa sauti, ili wote wasikie. "Mi iko Mwislamu. Masanga hapana ruhusa kwetu."

Wazee wakanong'ona. Mmoja akasema ni kweli, Waislamu ndivyo walivyo. Baba wa binti alijikuna kichwa. Nilikuwa nimeshinda, niliona hivyo, na nikajiruhusu kumtazama binti nipate shukrani yangu.

Yeye pia aliinua macho.

"Iko maji, yaya," akasema. "Nilibadilisha mbele hamuyafika."

Nikatazama ndani ya kikombe. Yalikuwa maji, safi mpaka chini. Kisha akaongeza, chinichini, kwa ajili yangu peke yangu: "Kunywa, tafazali. Usiniharibie."

Nilikunywa. Ningefanya nini? Mama yake alipiga vigelegele, wanawake wengine wakampokea, na tukaletewa lituma, ndizi za kupondwa, na samaki wazuri kuliko wote niliopata kununua sokoni. Nilikula. Nilikuwa na njaa, jambo ambalo mpaka leo linaniudhi.

Wakati wa kurudi rafiki yangu alikwenda polepole, sambamba nami palipokuwa na nafasi. Alikuwa na furaha, na furaha yake ilitaka kuzungumza.

"Binti alikuwa na wasiwasi na masanga tangu juma ile ingine," alisema. "Eti: huyu atakimbilia dini. Mi nikacheka. Kumbe anakujua kunipita."

"Ulijua namupenda."

"Si weye ulinielezea?" Akapiga kengele, hakuna aliyekuwa njiani. "Kama ningeleta mwingine, kesho weye ungeenda kumuomba. Sasa huwezi tena, mon cher. Njo hivi."

Mnyororo wangu ukatoka. Safari hii hakuningoja.

Walioana. Nilishona suruali ya bwana harusi, kwa kuwa baba alisema kazi ni kazi. Watoto wao waliniita noko, mjomba, wakanipandia mapajani na mikono yenye mafuta, na mkubwa ana uso wa baba yake, nami sikuwahi kumpenda. Lakini lile neno la mzee wa kisiwani, kwamba akipigwa atakimbilia kwangu, nililishika. Nililishika miaka mingi. Kila hodi ya jioni nilisimama upesi nikidhani ni yeye, uso umevimba, mtoto mgongoni, na nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia mumewe mbele ya wazee. Hakuja. Rafiki yangu hakumpiga hata mara moja, na hilo ndilo sijamsamehe.