Daftari la Vidonda la Karakana ya Korosho

Mama mkubwa, dada yake mama yangu, hajapewa kijiko cha kupakulia katika harusi ya ukweni kwake tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Hukaribishwa, hutandikiwa mkeka, huletewa chai. Lakini wanawake wakikusanyika uani kukuna nazi na kuchambua mchele, wifi yake humwambia kwa sauti tamu kabisa, "Wewe pumzika, dada." Sababu ni mikono yake. Ncha za vidole vyake ni nyeusi, ngozi imekazana, na kucha mbili hazikuota tena. Miaka yote hiyo wifi amekuwa akiwanong'oneza watu kwamba ni ukoma uliotulia.

Mama mkubwa mwenyewe husema ni korosho. Alipokuwa mke mchanga alibangua korosho katika karakana moja nje ya mji wa Kilifi, ambayo leo ni ghala la saruji. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi, na wabanguaji walijikinga kwa kuchovya vidole kwenye majivu. Wenzake wa meza ile wengi wamekufa, na waliobaki wamehamia kwa watoto wao hajui wapi, kwa hiyo hana shahidi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia na nina ugonjwa wa udadisi. Nimewahi kuandika habari za wang'oa meno wa sokoni Malindi, na za watu waliokuwa wakichemsha sabuni kwa mafuta ya nazi kabla sabuni za dukani hazijafika kila mahali. Wanangu husema nimekosa kazi. Huenda ni kweli, lakini mtu akiniambia jambo halina maana kwa historia, ndipo ninapolitaka zaidi.

"Wewe wachimbua mambo ya watu usowajua," Mama mkubwa aliniambia mwezi wa Rajabu, aliposikia kwamba mjukuu wa wifi yake ataozwa baada ya Idi. "Nchimbulie na mimi. Nataka karatasi nimuwekee wifi mbele ya macho yake, kisha niingie jikoni."

Nilimwahidi papo hapo, bila kufikiri, kama kawaida yangu.

Ghala lile la saruji ni la mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mhindi wa makamo ambaye karakana ilikuwa ya marehemu baba yake. Nilitarajia anifukuze. Badala yake alipanda ngazi, akashuka na daftari moja refu lenye jalada la kitambaa.

"Makaratasi mengine yote yameliwa na mchwa, mwalimu," akasema. "Hili nimelihifadhi. Ni la dresa, yule bwana aliyekuwa akifunga vidonda vya wafanyakazi. Hata goti langu alinifunga nikiwa mdogo. Usome hapa hapa dukani."

Nilikaa juu ya ndoo ya rangi, katikati ya misumari na mabati, asubuhi nne mfululizo. Dresa alikuwa na mwandiko mzuri, na kila mstari ulikuwa na tarehe, jina, mahali palipoumia na dawa aliyotoa. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba alikuwa akifanya majaribio yake kimya kimya. Mahali pengine ameandika majivu ya kuni, mahali pengine majivu ya makumbi ya nazi, halafu mafuta ya mbarika kwanza na majivu juu yake, na wiki baada ya wiki anaangalia vidole vya nani vimepona upesi. Hakuna aliyemtuma. Nilimpenda mtu huyo ambaye sikumwona hata siku moja.

Ila jina la Mama mkubwa halikuwamo. Wala sikuona wanawake wengi. Majina yalikuwa ya kiume kwa sehemu kubwa, na ya kike machache tu. Nikaamua kwamba walioumia ni wanaume wa kwenye mapipa ya kukaangia, na kwamba wanawake wa mezani walisalimika. Nikaandika kurasa nne, nikajipongeza, na siku hiyo hiyo nikaenda kumpa Mama mkubwa matokeo ya utafiti.

Alikuwa anachambua kunde. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatupa punje mbovu, akasema, "Basi wifi alisema kweli." Nilirudi nyumbani nimejaa aibu, kwa kuwa nilikuwa nimemwambia yule mama, kwa lugha ya kitaalamu, kwamba mikono yake haikuwahi kuungua.

Nilirudi dukani kwa ubishi tu. Siku hiyo nilikutana na mstari ambao nilikuwa nimeuruka. Jina lilikuwa la mwanamume, la wazi kabisa, lenye kuvuma misikitini kote pwani. Vidole vya mkono wa kushoto. Halafu, pembeni: *mjamzito, asipewe vidonge.*

Nilicheka mpaka mwenye duka akaja kuangalia. Kwanza nilidhani dresa alikuwa amechoka. Kisha nikapekua mbele, nikampata mwanamume mwingine aliyeruhusiwa kwenda nyumbani kunyonyesha. Hapo kicheko kikaisha.

Nilifika kwa Mama mkubwa nikihema. "Shikamoo. Yule dresa alikuwaje?"

"Marahaba. Alikuwa mtu wa Takaungu, mwenye haya zake," akasema. "Jina la mke wa mtu hakulitamka, seuze kuliandika. Alituita kwa majina ya vifungua mimba vyetu, na mwenye mtoto wa kiume kwa huyo wa kiume."

Nilijipiga kofi pajani. Mume wangu mwenyewe, miaka yote ya ndoa, huniita kwa jina la mwanangu wa kwanza. Akiliita uani ninaitika mimi, na mwenye jina yuko Nairobi hana habari. Nimezaliwa pwani hii, nimesoma, nimefundisha, na nililiona daftari zima la akina mama nikalihesabu kuwa la wanaume. Zile kurasa nne nilizichana usiku huo huo kwa furaha.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza dukani. Nilitafuta jina la binamu yangu, mwana mkubwa wa Mama mkubwa, ambalo ndilo mtaa mzima humwitia mamake. Nilipitisha kidole ukurasa kwa ukurasa mpaka jalada la mwisho. Halikuwamo.

Safari hii sikuenda na matokeo, nilienda na swali. Nilimuuliza mbona jina la mwanawe halimo daftarini.

"Alikuwa hajazaliwa huyo," akasema Mama mkubwa.

"Sasa wakati ule walikuita nani?"

Akalitaja jina la kike ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu. Alikuwa na binti kabla ya binamu yangu. Surua ilimchukua akiwa ameshaanza kutembea. Kwetu mtoto akifa jina lake haliitwi tena mbele ya mama yake, watu wakidhani wanamwonea huruma, na mwana anayefuata hupewa nafasi ya kwanza mdomoni mwa kila mtu. Nami hapa silitaji, kwa kuwa ni lake yeye kulitaja.

Nililikuta daftarini mara tano. Nilipomweleza mwenye duka sababu ya kuomba nakala, alinitazama, akalifunga daftari kwenye mfuko wa karatasi. "Mpelekee lenyewe," akasema.

Tuliketi barazani. Nilimsomea mstari wa kwanza: jina, vidole vitatu vya mkono wa kulia, mafuta ya ganda la korosho, kasafishwa, kapakwa, kafungwa. Nilisoma kwa mbwembwe, maana ushahidi ndio huo, na wifi angenyamaza milele. Mama mkubwa aliniuliza tarehe. Nilimsomea tarehe zote tano.

"Hiyo ya mwisho nshamzika," akasema. "Washaacha wote kuniita kwa jina lake. Pale mezani wakaniita mwenzetu. Yeye dresa akaniandika vile vile."

Mtoto yule hakupigwa picha. Hakuwa na cheti, na kaburi lake halina jiwe. Nililia, wala sikujificha. Mama mkubwa hakulia. Alisoma chuo cha Kurani tu, herufi hizi hazijui, kwa hiyo aliniomba nimwonyeshe jina liko wapi. Nikamshika kidole chake cheusi nikakiweka juu yake.

"Na wifi je?" nikamuuliza baadaye. "Harusi ni Jumamosi."

"Wifi mwache apike," akasema, na kidole hakukiondoa. "Nionyeshe na yale manne yalipo."