Ungo wa Mwalimu Bhoke

Watu wa Ntimaru wakikuambia Bhoke alifukuzwa shuleni kwa uchawi, usiwasikilize. Alifukuzwa kwa kufundisha kemia.

Mwaka 1995 shule ile ya harambee haikuwa na maabara. Bhoke naye hakuwa na cheti cha ualimu, ila mkaguzi alikuwa ameahidi kumpendekeza chuoni akimaliza muhula huo salama. Basi alijituma. Siku hiyo alibeba ungo kutoka nyumbani. Maharagwe matatu katikati yakawa protoni, punje nne za mahindi neutroni, na chembe tatu za wimbi pembeni elektroni.

"Hii ni lithiamu," aliwaambia kidato cha pili. "Protoni ndiyo inaipa jina. Chanya tatu, hasi tatu, zinatoshana, haina chaji." Akaondoa wimbi moja. "Sasa?"

"Chanya imezidi moja," James akajibu.

Akairudisha, akaondoa punje moja ya mahindi. "Na sasa?"

"Chaji haijaguswa, mwalimu. Ni lithiamu tu, lakini imekuwa nyepesi."

"Hiyo ndiyo isotopu!" Bhoke alifurahi hata asimwone aliyesimama mlangoni.

Alikuwa Mzee Maroa, mwenyekiti wa kamati ya shule na shemasi wa kanisa. Aliona nafaka zikisogezwa ungoni na watoto wameinama kimya. Kwake hiyo ilikuwa ramli, kama aliyoiona kwa waganga utotoni. Ijumaa kamati ikakaa.

"Hizo vitu unafundisha, umeziona na macho?" Maroa aliuliza.

"Hapana, mzee. Hazionekani."

"Na ziko wapi?"

"Ziko kwa kila kitu. Hata kwa mwili yako."

Chumba kizima kikaguna. Maskini, ukweli wenyewe ndio uliommaliza.

Bhoke alimgeukia Boaz, mwalimu mkuu, aliyeisoma kemia hiyo hiyo chuoni. "Mwalimu, si uwaambie."

Boaz alikohoa, akatazama viatu vyake. Msomi mzima! Bhoke alifutwa kazi kabla ya chai ya saa nne, na mkaguzi hakujibu barua yake hata moja.

Alipofika langoni, Boaz alimkimbilia akihema. "Mwalimu, watoto wana mtihani. Nisaidie na daftari yako ya isotopu."

Bhoke alitamani kumtemea mate. Lakini watoto wamekosa nini? Akampa. Boaz alisema asante, akalifutika daftari ndani ya koti, kamati isije ikamwona nalo.