Kipimo cha Andazi

Mdogo wetu wa mwisho ana pumu ya kweli na pumu ya uongo. Ya uongo humshika siku za kuosha karoti. Huku milimani karoti haziendi gulioni na udongo. Huoshwa mtoni asubuhi na mapema, na maji ya Uluguru saa hizo yanauma mpaka mifupa. Akiona magunia tu, anashika kifua na kukoroma kama mashine ya kusaga.

Tangu wazazi wafariki, nikaacha shule darasa la sita ili nimlee yeye na kaka yake, nimekuwa na kipimo changu. Nauliza nani anataka andazi. Pumu ya uongo hujibu sentensi nzima: "Mimi, dada, ila lisiwe la jana." Basi namkabidhi andazi na gunia.

Asubuhi moja nikauliza kama kawaida. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, ameinama mbele, mikono magotini. Kaka yake akamcheka kwamba leo amesahau hata kukoroma.

"Ba," akasema. Akavuta hewa. "Ki." Akavuta tena. "Sha."

Nikamfunua blauzi. Mbavu zilikuwa zikibonyea ndani kila alipovuta pumzi.

Mama jirani, aliyekuwa akiosha kabichi, akasema alazwe chali apakwe mafuta ya taa kifuani.

"Shikamoo mama," nikamwambia, "lakini huyu halali."

Nikamkalisha wima. Andazi nikamwachia kaka yake, naye akanipa inhela ya bluu, dawa yake ya kuvuta, na chupa tupu ya maji tuliyofundishwa na nesi kuitoboa kitako ili inhela iingie. Nikabonyeza mara moja, akavuta pumzi kadhaa mdomoni mwa chupa; nikabonyeza tena. Sauti yangu ilikuwa tulivu. Nafuu ilikuja kidogo mno, kwa hiyo tukapanda bodaboda mshikaki, sote watatu na dereva, mpaka zahanati ya Mlali, nami nikiendelea kumpa dawa njiani.

Waliniambia nisubiri nje na kaka yake. Tukasubiri muda mrefu, yeye akiangalia miguu yake. Mwishowe nesi akatuita. Mgonjwa alikuwa ameketi kitandani, barakoa ya hewa ameisukumia kidevuni.

"Dada," akasema, "lile andazi nililosema libakishwe liko wapi?"

Sentensi nzima. Nikamgeukia kaka yake, ambaye alikuwa anapangusa midomo.