Motokaa Katika Banda la Mbata

Ilikuwa saa saba na robo mchana, siku ya Alhamisi, shangazi yangu aliponiita kutoka upande wa pili wa ua. Naikumbuka saa kwa sababu nilikuwa nimemaliza kuitia ufunguo saa yangu ya mfukoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Njoo unuse. Kile kitu chako kinapumua."

Kitu chenyewe kilikuwa motokaa. Mwaka ule Waingereza walikuwa wamekwisha kukishika kisiwa cha Mafia, na siku mbili kabla ya Alhamisi hiyo askari waliisukuma motokaa yao mbovu mpaka kwetu Kilindoni, wakaomba kuiweka katika banda la shangazi kwa kuwa lilikuwa na paa zuri. Mimi ndiye niliyewakubalia. Dereva, mtu wa Mombasa, alisema anakwenda Miburani kutafuta chuma cha kuitengenezea, akatuonya tusiiguse. Hakusema zaidi. Ndani ya banda mlikuwa na magunia sitini ya mbata, nazi zilizokaushwa, kutoka shamba la Baleni, na ukuta wa banda ndio uliokuwa ukuta wa chumba cha shangazi. Alikuwa mjane, na mali yake yote ilikuwa mle.

Nilisimama mlangoni nikavuta pumzi. Harufu ilikuwa hafifu, kali kidogo, yenye utamu usiopendeza. Nilipopiga magoti ilinijaa puani. Nilipoinama mpaka uso ukakaribia sakafu ya mchanga, macho yalitoka machozi na kichwa kikaanza kuzunguka. Nikainuka, ikapungua. Nilirudia mara tatu ili niwe na hakika. Ile harufu haikuelea kama moshi. Ilikuwa imelala chini.

Kuku wa shangazi alikuwa akiatamia kwenye kishimo chini ya motokaa. Nilimwona bado juu ya mayai yake, mabawa yamefunika vizuri, macho wazi. Nilipomgusa, shingo ililegea. Hakuwa na jeraha wala unyoya uliotoka mahali pake.

"Amekufa," nikasema.

"Amekaa vile tangu asubuhi," shangazi akajibu. "Nilidhani ananitazama."

Kisha tukasikia sauti ya tone. Nilihesabu: kila nilipofika ishirini na mbili, lilidondoka lingine. Nikapeleka mkono chini ya tumbo la motokaa. Mchanga ulikuwa mkavu, lakini baridi, katika mchana ambao hata jiwe la kisima lilikuwa halikaliki. Nilipochimba kwa vidole ndipo nilipokuta unyevu.

Shangazi alikuwa amekwisha kuamua. Kila Alhamisi baada ya alasiri alifukiza ubani vyumbani mwake vyote, na siku hiyo alitaka aanzie bandani, kabla ya wakati wake.

"Kilichomuua kuku hakitaki harufu njema," alisema. "Nitakitoa."

Sikumkataza. Nalieleza hili kama lilivyokuwa, kwa sababu watu hudhani nilijua. Miaka mingi nyuma nilikuwa nimetia kaa la moto katika kisahani cha mafuta ya taa, na kaa likazimika. Niliandika matokeo yale katika daftari langu na nikayaamini. Mafuta ni mafuta, nikawaza. Ubani utamtuliza shangazi na hautadhuru kitu. Akaenda jikoni kuwasha makaa.

Lakini sikupenda kuacha jambo bila kulipima. Nilichota mchanga ule wenye unyevu katika kifuu, nikaupeleka mbali, upande wa kisima, nikachukua kaa moja kwa koleo na kulisogeza polepole. Lilikuwa bado mbali na kifuu, kiasi cha shubiri nzima, moto ulipoinuka wenyewe na kuja kulipokea. Haukutoa sauti kubwa, ila mvumo mfupi, kama mtu anayeshusha pumzi. Nywele za mkono wangu ziliungua.

Nilipogeuka, shangazi alikuwa ameshika chetezo kwa mikono miwili, moshi unampanda usoni, hatua sita kutoka mlango wa banda. Alikuwa akisoma dua kwa sauti ya chini.

Nilikimbia.

"Unanikimbilia kama mwizi," alisema, hakusimama. "Wewe mwenye madaftari, leo unaogopa ubani?"

Nilikishika chetezo kwenye kikombe chake, palipokuwa na makaa, nikarudi nacho mbio na kukitumbukiza katika mtungi wa maji pale kisimani. Viganja viwili viliungua; cha kulia hakijanyooka vizuri mpaka leo. Shangazi alitazama ubani wake ukielea, halafu akakitazama kile kifuu kilichokuwa bado kinawaka kando ya kisima, mchanga mtupu unawaka. Akaketi chini palepale.

Dereva alirudi kabla ya magharibi. Alinusa mara moja, akauliza nani amewasha moto humu leo. Tulimweleza.

"Mama," akamwambia shangazi, "mimi nisingekuta hata mlango."

Aliomba kipande cha sabuni, akakikanda na kukibandika penye ufa wa bomba la petroli. Tone likakoma. Asubuhi tuliisukuma motokaa uani, tukautoa mchanga karai kwa karai.

Harufu haikwisha. Miezi kadhaa, siku za joto kali, ilirudi mchana kwenye saa saba na robo, katika chumba cha shangazi, upande wa kitanda. Nilichimba tena, sikupata unyevu. Yeye alihamisha kitanda, na siku za Alhamisi alifukizia uani, na makaa aliniachia mimi niyakague.

Mnunuzi wa mbata alinusa gunia moja moja. Saba ya safu ya chini aliyakataa. Kila gunia lilikuwa rupia nne, na kuku na mayai yake tuliyakadiria thumni. Banda, nyumba na magunia hamsini na matatu vilibaki, na shangazi alibaki. Hasara yote ilikuwa rupia ishirini na nane na thumni.