Tangazo la Kahawa Lililokosa Muhuri

Nilikuwa mwanamke pekee katika kamati ya wakulima wa kahawa Iyula, na kwa kuwa niliandika vizuri kuliko wenzangu, tangazo la msimu likaniangukia mimi. Maneno yalikuwa machache: "Chuma nyekundu tu. Mbichi iache mtini." Mwaka uliotangulia mnunuzi alikataa magunia yetu yote kwa sababu tulichanganya mbichi na mbivu. Mama yangu alilia siku mbili. Safari hii sikutaka mchezo.

Lakini tangazo halikuruhusiwa kubandikwa bila muhuri wa boma, ofisi ya wilaya. Karani wa pale, mtu wa kalamu nyekundu na kola iliyopigwa pasi, alikata neno "chuma", akaandika kando kwamba kuamrisha ni kazi ya boma. Nikaweka "tafadhali". Likarudi tena: mbona hakuna shukrani kwa serikali? Nikashukuru, shingo upande. Mara ya tatu nililipeleka mwenyewe, kwa miguu.

"Nani ametia sahihi hapa?"

"Mimi."

"Mama, tafuta mwanamume atie sahihi. Hata mjomba wako."

"Mjomba wangu hana shamba, Bwana Karani. Mimi ninalo."

Akalisukumia tangazo chini ya mafaili. Niliondoka na hasira, maana kahawa ilishaanza kuiva na majirani walikuwa wanapukusa matawi mazima, mbichi na nyekundu pamoja.

Njiani nikamkumbuka shangazi yangu. Alipokuwa na pombe ya kuuza aliangika kibuyu mlangoni, basi. Hakuna aliyeomba kuandikiwa. Kesho yake nikatunga kahawa nyekundu kwenye uzi, nikauangika juu ya mlango wa banda tulikomenyea kahawa. Mbichi nikazimwaga kizingitini, kila aingiaye azikanyage. Watu walicheka, kisha wakarudi kuchambua vikapu vyao.

Karani akaja na baiskeli. "Nani ameidhinisha hili?"

"Nionyeshe neno unalotaka kukata."

Aliukata uzi akaondoka nao. Nikatunga mwingine.

Mnunuzi alipofika alizamisha mkono katika gunia la mama hadi kiwiko, akanusa, akaagiza lipakiwe. Magunia yetu yakapakiwa yote.

Tangazo langu lilirudi tukipanda mahindi, msimu wa kahawa umeshapita, lina muhuri, na chini yake sahihi ya mwanamume nisiyemjua. Nikanunua kalamu nyekundu dukani. Nikaikata sahihi yake, nikaandika "Limekataliwa", nikatia yangu, nikalirudisha bomani.