Alichokiona Kankindi Alipomwosha Wifi Yake

Zulfa Kankindi aliosha maiti za wanawake wa mtaa wa Waislamu wa Biryogo kwa miaka kumi na tisa. Kazi hiyo ina amana yake: mwoshaji akiona aibu mwilini mwa marehemu, hufa nayo. Aliitunza mpaka mwaka 1992, alipomwosha wifi yake Sangwa, mke wa mdogo wake Nkusi.

Sangwa alikuwa amekonda kwa miezi mingi, akisema ni mgongo. Kankindi alipomvua nguo alikuta titi la kushoto limefungwa kwa vipande vya kanga, na chini yake kidonda kilichokaribia mbavu. Vitambaa vilikuwa safi, vimefuliwa vizuri. Yeye na Sangwa walikuwa wakipika katika ua mmoja, na hakujua. Huyo alikuwa wa tatu wa namna hiyo tangu Ramadhani ya mwaka uliotangulia.

Matanga yalipokwisha alikwenda kwa Xavérine, muuguzi wa zahanati ya jirani, akamweleza bila kutaja jina. Xavérine alisema ni kansa ya titi, na kwamba mara nyingi mwanzoni haiumi. Ndiyo maana wanawake huidharau. Akamwonyesha namna ya kujipapasa kila mwezi damu ikishakatika, mpaka kwapani, na kutazama kama ngozi imebonyea au chuchu imeingia ndani. Si kila uvimbe ni kansa, alisema, lakini kila uvimbe uonwe na daktari. Kisha akauliza kama marehemu aliacha binti, maana binti naye yumo hatarini.

Aliacha mmoja, Umuhoza, mshonaji, mama wa watoto wawili.

Ijumaa, katika darasa la wanawake msikitini, Kankindi alisimama akayasema yote. Hakumtaja mtu. Lakini mwezi ule mtaa ulikuwa umezika mwanamke mmoja tu.

Nkusi alikuja jioni ile, akakataa kukaa.

"Dada, umemvua mke wangu nguo mbele za watu."

Kankindi naye aliliona jambo hilo hivyo hivyo. Tangu siku hiyo watu wakifiwa wakawa wanaita mwoshaji mwingine badala yake.

Wiki mbili baadaye Umuhoza aliingia asubuhi, akafunga mlango.

"Shangazi, mimi ndiye niliyekuwa nafua vile vitambaa. Mama aliniapisha."

Umuhoza akamshika mkono, akauweka kwenye titi lake la kulia. Kulikuwa na kitu kigumu, kidogo kama punje ya harage.

Kesho yake walikwenda hospitali, wakisimamishwa njiani mara mbili na askari waliotaka vitambulisho, maana nchi ilikuwa vitani. Majibu yalichukua wiki tano. Umuhoza alikatwa titi. Nkusi hakwenda kumwona hata siku moja.

Umuhoza alirudi kwenye cherehani, ingawa mkono ulivimba kila aliposhona kwa muda mrefu. Daktari hakumwambia amepona. Alimwambia arudi kila miezi mitatu.

Mwaka uliofuata wanawake wanane walimjia Kankindi kwa mlango wa nyuma, mmoja mmoja, wengine wamejifunika nyuso. Wote aliwapeleka kwa Xavérine. Watatu walikuwa wamechelewa. Walipokufa, alikaa msibani pamoja na wanawake wengine, akawasikia wenye msiba wakisema ulikuwa mgongo, au tumbo, na hakufungua kinywa.