Swali la Divine mbele ya miche

Leo mutoto wa miaka tisa amenifunga mudomo mbele ya darasa lote.

Mi ni mwalimu wake, hapa mutaa wa Nyakabiga. Nilikuwa nimewafundisha kupendana na kutunza miti, tukatoka nyuma ya shule kupanda miche, wawili wawili.

Espérance, mutoto mupya aliyekimbia vita mutaa wa Kanyosha, alibaki peke yake na muche mukononi.

Nikamwambia Divine, aliyejibana na wenzake wawili: "Enda upande naye."

Divine akaniangalia.

"Madame, na we, mbona haukuli na Madame Goreti?"



Goreti anafundisha darasa la jirani. Tangu vita ianze, yeye anakula kona yake, mi yangu. Sababu ni kabila; mengine sitaandika.

Nyinyi mungemujibu nini? Mi sikuona haya, sikukasirika. Siku hizi sisikii kitu, hata mabomu.

"Panda naye kwanza," nikasema. Akaenda.

Saa sita nikabeba kiti changu mpaka kwa Goreti. Akanitazama, akasogeza sahani katikati yetu.

"Kaa. Maharage yamepoa."

Nikakaa. Tukala.

Yalikuwa yamepoa kweli.